Gari ya zamani ya bei chini: mbele ya kutoa feza, tuhesabu pamoja

Kila mwaka wakati kiangazi kinaelekea kuisha, ulizo moja linarudi katika makutano yetu ya hapa Lubumbashi: «Kuko gari moja ya zamani, wanaiuzisha bei chini. Tununue ao tuache?» Mara nyingi ni Toyota ndogo ya manuele, yaani ile ya kubadilisha vitesi kwa mukono. Ilitoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikapita Zambia mpaka Kasumbalesa, kisha ikatembea miaka mingi katika mitaa yetu. Muuzishaji anasema kuko watu wengine wenye kuitaka, mufanye haraka. Na feza zenye ziko mukononi ni za likelemba, zenye zinangojewa pia kwa minervale ya watoto wa sekondari mwezi wa 9.

Hatusemi kama gari ya zamani ni kitu mubaya. Mama mwenye kuuzisha unga ao mboga, mwenye kukodi gari ya mutu kila asubui, anaweza kupata faida ya kweli. Lakini tunasema hivi: bei yenye muuzishaji anataja haiko bei ya gari. Bei ya gari ni jumla ya feza zote zenye mutakuwa mumetoa wakati mwezi wa tatu utafika, na gari ikiwa ingali inatembea.

Tuanze na hesabu ya nyumba

Kwa wiki nne, muandike katika kaye kila franga yenye munatoa kwa taksi, kwa moto na kwa kukodi gari ya mizigo. Musikadirie kwa kichwa, muandike. Kisha muhesabu gari ingekula nini. Tutoe mufano: kutoka nyumba mpaka soko na kurudi ni kilometa 20, siku 26 kwa mwezi, inakuwa kilometa 520. Gari ndogo ya zamani, ndani ya muji, inaweza kunywa litre 8 mpaka 10 kwa kilometa 100. Ni karibu litre 42 mpaka 52 kwa mwezi. Muzidishe kwa bei ya esanse ya siku ile kwenye pompi, muongeze mafuta ya injini na feza kidogo ya fundi. Kama jumla inapita ile yenye kaye inaonyesha, gari haitapunguza muzigo wa nyumba, itauongeza.

Halafu mugawanye feza mara tatu, na sehemu moja isiguswe siku ya kununua. Mutu mwenye dola 2.400 asitafute gari ya dola 2.400, atafute ya dola 1.600. Zile 800 zitatengeneza yenye muuzishaji aliacha: mipira, batri, freni, na mikaratasi. Feza ya masomo isiingie kabisa katika hesabu hii.

Manuele iko na faida gani?

Mafundi wengi wa mitaa yetu wanajua gari ya manuele vizuri, na piesi zake hazisumbui kupata. Batri ikikufa, watu wawili ao watatu wanasukuma na injini inawaka. Otomatiki haiwake hivyo. Tena boati ya vitesi ya otomatiki ikiharibika, kuitengeneza kunaweza kuomba feza karibu sawa na bei ya gari yenyewe.

Lakini manuele iko na kitu kimoja chenye kinakwisha kama soli ya kiatu: ambreyaji. Kwa kuibadilisha, fundi sherti ashushe boati ya vitesi yote, na kazi hiyo inalipwa. Kwa hiyo muipime mbele ya kulipa. Musimamishe gari pahali sawa penye hapana watu mbele, muvute freni ya mukono, mutie vitesi ya tatu, kisha muachilie ambreyaji polepole na kukanyaga esanse kidogo. Injini ikizimika mara moja, ambreyaji ingali inashika. Injini ikiendelea kunguruma na gari haisogei, ambreyaji imekwisha. Mufanye hivyo mara moja tu, kwa sababu kurudilia kunaiunguza. Mupande nayo pia kilima kimoja: kama sauti ya injini inapanda na mwendo haupande, ni ugonjwa uleule.

Namna ya kuikaguza

Muende asubui, na mutie mukono juu ya kapo mbele ya injini kuwaka. Kama iko moto, muuliza sababu: pengine waliiwasha mbele ili kuficha namna inasumbua kuwaka ikiwa baridi.

Muangalie moshi. Moshi wa rangi ya buluu unaonyesha kama injini inaunguza mafuta yake. Moshi mweusi, inakula esanse kupita kipimo. Moshi mweupe kidogo katika baridi ya mwezi wa 6 ao wa 7 ni mvuke tu. Lakini ukiwa mwingi na hauishe hata injini ikipata moto, pengine maji ya radiatere yanaingia ndani ya injini. Mufungue kifuniko cha mafuta na kuchomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Gari ya namna hiyo tuiachie mwenyewe.

Muinamishe kichwa, muangalie chini na torshi kama kutu imekula shasi. Namba za kilometa kwenye tablo zinaweza kurudishwa nyuma, lakini kaucu ya pedali na kiti cha shofere havidanganyi: vikikwisha kabisa, gari imetembea sana. Mipira nayo iko na umri. Kwenye ubavu, kisha herufi DOT, mutafute namba nne za mwisho: 2314 ni kusema wiki ya 23 ya mwaka wa 2014. Mupira wa zamani unaweza kupasuka hata kama meno yake yangali marefu.

Tena, fundi mwenye ataikaguza achaguliwe na ninyi, na alipwe na ninyi. Fundi wa muuzishaji anafanya kazi ya muuzishaji.

Usukani wa kuume

Sisi katika Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara, lakini Japani, Tanzania na Zambia wanatembea kushoto. Gari nyingi zenye zinatoka kule ziko na usukani wa kuume. Kwenye barabara ya Likasi ao ya Kasumbalesa, nyuma ya kamio kubwa, shofere wa gari hiyo haone mwenye anakuja mbele yake mpaka atoe gari yote inje. Taa nazo zilitengenezwa kwa kuangazia zaidi upande wa kushoto, na kwetu upande huo ndio wenye kuleta gari zingine. Usiku zinawapiga machoni. Fundi anaweza kubadilisha taa, lakini usukani unabaki pale. Kama gari ni ya safari ndefu, muliwaze sana jambo hilo.

Jina na ufunguo

Mbele ya kulipa, namba ya shasi yenye iko kwenye gari ilingane na ile ya karte roze, namba kwa namba. Muone pia plaki, asiranse, vinyete na kontrole tekniki. Karatasi yenye kukosekana itakuwa garama yenu, ao ugomvi wenu na polisi ya rulaji.

Na karte roze itakuwa kwa jina la nani? Sheria namba 16/008 ya tarehe 15/7/2016 ilibadilisha Kode ya Jamaa ya mwaka wa 1987 na kuondoa ile lazima ya bibi kuomba ruhusa ya bwana wake mbele ya kutia sahihi. Sasa inaomba bibi na bwana wapatane. Kwa hiyo muzungumuze mezani, wawili, na kaye ya hesabu ikiwa mbele yenu. Likelemba ya mama ikinunua gari, ni haki jina lake lionekane.

Mama ajifunze pia kuendesha na atafute permi. Kama yeye ndiye anatoa feza lakini ufunguo unalala mufukoni mwa mutu mwingine, asubui ya soko atabaki akingoja taksi kama mbele.

Sasa tununue ao tuache? Kama kaye inaonyesha faida, fundi wenu amekubali, mikaratasi inalingana, na sehemu ya tatu ya feza ingali pale, mununue bila woga. Kama moja ya mambo hayo manne inakosekana, muache, hata muuzishaji akipunguza bei. Wenye kutaka kuhesabu pamoja, mulete kaye zenu kwenye makutano ya wiki yenye kuja. Tutakaa na ninyi, mama kwa mama, mbele ya mwezi wa 9 kufika.