Nyonga bandia nayo huchakaa

Wagonjwa wengi waliobadilishiwa nyonga huamini kwamba wakishatupa mkongojo na kutembea wenyewe, safari ya kwenda kwa daktari imekwisha. La hasha. Nyonga bandia ni chombo, na chombo kinachotumika huchakaa. Mtu mwenye afya huukanyagia mguu mmoja mara zipatazo milioni moja kwa mwaka, na kila hatua ina msuguano wake.

Kwa sisi wa Kwale jambo hili lina uzito wa pekee. Wengi hubadilishiwa nyonga uzeeni, kwa sababu ya baridi yabisi au kuvunjika mfupa. Lakini huku Pwani ugonjwa wa selimundu si mgeni, nao huweza kukatiza damu inayolisha kichwa cha mfupa wa paja hadi mfupa ukafa. Hivyo hata kijana wa miaka 30 huweza kuhitaji nyonga bandia, na ataitumia miaka mingi.

Imeundwaje?

Nyonga za siku hizi ni za vipande. Kuna fimbo ya chuma inayoingia ndani ya mfupa wa paja, kichwa cha mviringo kinachochomekwa juu ya shingo yake, kikombe kinachokazwa upande wa kiuno, na bitana ya plastiki ngumu ndani ya kikombe. Faida yake ni kwamba daktari huchagua vipimo vinavyomfaa mgonjwa. Tena bitana ikilika, mara nyingi huweza kubadilishwa peke yake bila kung'oa fimbo. Hasara ni kwamba kila panapoungana vipande viwili ni mahali pengine pa kuharibikia.

Huharibika vipi?

Kwanza ni kulika kwa bitana. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alijaribu bitana za Teflon mwishoni mwa miaka ya 1950, zikalika kwa miaka michache tu. Mwaka 1962 alianza kutumia plastiki iitwayo polithini, ngumu zaidi, na plastiki ya jamii hiyo ingali inatumika, ikiwa imeboreshwa. Hata hivyo nayo hutoa vumbi laini. Chembechembe za kinga za mwili hulishambulia vumbi hilo, na katika vita hivyo mfupa wa jirani huyeyuka na kiungo hulegea. Ubaya ni kwamba mfupa huweza kuliwa kimyakimya, bila maumivu.

Pili ni kutu. Mvuvi wa Funzi anajua kwamba msumari wa chuma ukigusana na shaba katika maji ya chumvi huliwa upesi. Maji ya mwili pia yana chumvi. Kichwa cha kobalti na kromiamu kikikaa juu ya shingo ya titani, na maungio yakicheza kidogo kwa kila hatua, utando unaokinga chuma huparuzwa na kutu huingia. Chembe za madini hayo huweza kuua nyama za kando. Julai 2012 kampuni ya Stryker iliondoa sokoni aina za Rejuvenate na ABG II, ambazo shingo yake ilikuwa kipande cha kuchomeka, kwa sababu hiyo. Mwaka 2010 kampuni ya DePuy iliondoa aina ya ASR, ambapo chuma kilisuguana na chuma.

Tatu, mara chache, shingo ya chuma huvunjika au kichwa cha kauri hupasuka.

Usiogope kupita kiasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba nyonga 58 katika kila 100 hudumu miaka 25.

Ufanye nini?

Muone daktari ukisikia maumivu mapya kinenani au pajani, mlio wa kusaga, uvimbe, mguu kuwa mfupi, au kuchechemea upya. Ukiwa na homa pamoja na maumivu, nenda siku hiyo hiyo. Usijikande kwa mafuta miezi mitatu ukidhani ni uzee au baridi ya bahari.

Hata usipoumwa, piga picha ya eksirei kwa vipindi atakavyopanga daktari wako. Kwa mkazi wa Funzi ni kuvuka kwa mashua hadi Bodo, kisha kwenda Msambweni. Safari ndefu, lakini ni nafuu kuliko kuchelewa. Kasoro ikigunduliwa mapema huenda ikabadilishwa bitana tu. Mfupa ukishaliwa, upasuaji huwa mkubwa, ghali na wa hatari zaidi.

Usiruke kutoka mashuani. Shuka ukishikwa mkono. Usikalie mbuzi kukuna nazi, kwani kukunja nyonga mno huweza kuichomoa au kuigonganisha shingo na ukingo wa kikombe.

Mwisho, omba hospitali ikuandikie aina na namba za vipande ulivyowekewa, na uihifadhi karatasi hiyo pamoja na kitambulisho chako. Daktari atakayekufungua tena baada ya miaka 15 ataihitaji ili apate kipande kinachooana.