Mlenda, kunde na karanga vinaweza kumkuza mwanao

Wazazi wengi wanaoleta watoto kliniki hapa Dodoma huniambia kuwa lishe bora ni ya wenye pesa. Wanafikiria nyama na mayai ya kila siku. Ukiishi Chang'ombe kwa kipato cha kubangaiza, ni rahisi kuamini hivyo. Lakini mara nyingi tatizo ni sahani yenye ugali mwingi na mboga kidogo, au uji mwepesi kama maji.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Udumavu huanza tumboni mwa mama, na baada ya miaka miwili ni vigumu kuurekebisha.

Kinga kubwa iko gengeni. Loweka kunde usiku kucha, mwaga maji, kisha chemsha. Zitaiva haraka na utaokoa mkaa. Unga kwa kitunguu, nyanya na mafuta kidogo ya alizeti. Siku nyingine pika mlenda, ukoroge karanga zilizosagwa na uache zichemke hadi ziive. Kula na ugali wa uwele au mtama, ambao una madini ya chuma kuliko sembe iliyokobolewa.

Dagaa usiwadharau. Huliwa na mifupa yao, hivyo humpa mtoto protini na madini ya kalsiamu. Waoshe mchanga utoke, wakaange bila mafuta, watwange, kisha nyunyiza kijiko kimoja kwenye mboga ya mtoto. Ubuyu au ndimu baada ya chakula husaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Chai ya rangi huzuia, basi inywe baadaye. Magadi kwenye mlenda punguza au acha kabisa, hasa kama nyumbani yupo mwenye shinikizo la damu.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Akifikisha miezi sita, endelea kumnyonyesha na umpikie uji mzito usiochuruzika kwenye kijiko, wenye karanga zilizosagwa laini. Karanga nzima usimpe, zinaweza kumpalia.

Lakini bei nafuu isikufanye ununue nafaka yenye ukungu. Mwaka 2016, sumukuvu katika mahindi iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, zikiwemo wilaya za Chemba, Kondoa na Kiteto. Sumu hiyo haiishi kwa kupika wala kukaanga. Chambua mahindi na karanga kabla ya kusaga. Zilizosinyaa, kubadilika rangi au kuota ukungu tupa, wala usiwape kuku. Hifadhi zilizokauka vizuri, juu ya chaga, mbali na unyevu. Karanga zilizokwisha kusagwa huwezi kuzichambua, hivyo ni heri ununue nzima utwange mwenyewe.

Mpeleke mtoto kupimwa uzito na urefu kila mwezi. Mstari kwenye kadi yake ukilala au kushuka, mwulize mhudumu siku hiyohiyo. Na mtu yeyote nyumbani akiwa na macho ya njano, tumbo kuvimba au kutapika mfululizo, msisubiri. Wahini hospitali na mtaje chakula mlichokula.