Mashine ya santuri

Mashine ya santuri (pia huitwa gramafoni) ni chombo kinachotoa sauti iliyochongwa katika santuri, yaani sahani ya muziki, kwa kuizungusha sahani hiyo chini ya sindano. Katika Kiswahili neno "santuri" hutumika kwa sahani yenyewe na pia kwa mashine inayoicheza. Katika makala hii santuri ni sahani.

Mashine nyingi zinazouzwa Tanzania leo zimekwisha kutumika kwa miaka mingi. Hali ya mashine ina uzito wa pekee kwa muziki wa dansi wa Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru. Nyimbo nyingi za bendi za mji huo zilitolewa kwenye santuri tangu miaka ya 1950 hadi ya 1970, na nyingine hazijawahi kutolewa tena kwa njia yoyote. Sindano mbovu huikwangua santuri kila inapoicheza, na sauti iliyokwanguliwa hairudi.

## Historia

Mmarekani Thomas Edison alitengeneza mashine ya kwanza ya kunasa na kutoa sauti mwaka 1877; ilitumia mche wa mviringo. Emile Berliner alileta sahani bapa mwaka 1887, na sahani ndiyo iliyoshinda kwa sababu ilikuwa rahisi kuchapwa kwa wingi.

Santuri za kwanza zilizoenea zilizunguka karibu mara 78 kwa dakika. Zilitengenezwa kwa shelaki na zilivunjika kama kigae. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi taarab kwenye santuri za aina hiyo huko Bombay, Uhindi, mwaka 1928. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilianza kuuza santuri ndefu ya plastiki inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika. Mwaka uliofuata RCA Victor ilileta santuri ndogo ya mizunguko 45. Hii ndogo ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa Afrika ya Mashariki.

## Morogoro na santuri

Santuri zilifika Morogoro kwanza kama kitu cha kusikiliza. Muziki wa Kuba, uliosambazwa Afrika kwa santuri za HMV za mfululizo wa GV, uliwavutia vijana wengi wa miji ya Tanganyika. Mmoja wao alikuwa Salum Abdallah (1928-1965), mzaliwa wa Morogoro. Mwaka 1948 alianzisha bendi ya La Paloma, ambayo baadaye ilijulikana kama Cuban Marimba. Baada ya yeye kufariki katika ajali ya gari, bendi iliongozwa na Juma Kilaza.

Bendi nyingine kubwa ya mji huo ilikuwa Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944. Mpiga gitaa na mwimbaji wake mashuhuri alikuwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye alikwenda na bendi hiyo kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani, mwaka 1970. Mwaka 1973 alianzisha bendi yake, Super Volcano. Alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizi kwenye utepe kwa ajili ya matangazo, lakini santuri zilichapwa Kenya. Mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, njia ya kawaida ya santuri kutoka Nairobi ilikatika. Mpaka ulifunguliwa tena mwaka 1983. Kufikia wakati huo kaseti ilikuwa inachukua nafasi ya santuri, na mashine nyingi ziliwekwa darini au stoo.

Upande mmoja wa santuri ndogo ya mizunguko 45 hubeba dakika tatu au zaidi kidogo. Wimbo wa dansi mara nyingi ulikuwa mrefu kuliko hapo, hivyo uligawanywa: mashairi upande wa kwanza, na sehemu ya haraka ya magitaa, inayoitwa chemko, upande wa pili. Kwa sababu hiyo santuri iliyoharibika upande mmoja imepoteza nusu ya wimbo.

## Sehemu za mashine

Mashine ya santuri ya umeme ina sehemu zifuatazo:

* Bamba la kuzungusha, ambalo santuri hulazwa juu yake.
* Mota, inayozungusha bamba kwa mkanda wa mpira, kwa gurudumu dogo la mpira, au moja kwa moja bila kiungo.
* Mkono, unaobeba sindano na kuifuata santuri kutoka ukingoni hadi katikati.
* Katriji, kifaa kidogo mwishoni mwa mkono kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme.
* Sindano, yenye ncha ya almasi au ya yakuti ya kutengenezwa.

Katriji ziko za aina mbili kuu. Katriji ya kauri hutoa umeme mwingi kiasi, hivyo ilitumika katika mashine za bei nafuu na mashine ndogo za betri. Kwa kawaida huikandamiza santuri kwa uzito mkubwa, mara nyingi gramu 5 au zaidi. Katriji ya sumaku hukandamiza kwa gramu 1.5 hadi 2.5 hivi, lakini umeme wake ni milivolti chache tu. Huhitaji amplifaya ya awali, ambayo pia hurudisha uwiano wa sauti nene na nyembamba uliobadilishwa makusudi wakati wa kuchonga santuri.

## Kununua mashine iliyotumika

### Sindano

Sindano hukaguliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ncha ya almasi hudumu kwa mamia ya saa za kucheza, na ya yakuti kwa makumi tu. Ncha iliyolika haiwi butu kama kisu. Hupata kingo kali pembeni, na kingo hizo ndizo zinazokata kuta za mfereji wa santuri. Dalili yake ni sauti ya "s" inayokwaruza na magitaa yanayopasuka, hasa karibu na katikati ya santuri.

Mnunuzi hawezi kujua sindano ya zamani imecheza saa ngapi. Kwa hiyo ni salama kuihesabu sindano mpya kama sehemu ya bei ya mashine, na kuuliza kwanza kama sindano ya katriji hiyo bado inapatikana. Mashine ya bei ndogo ambayo sindano yake haitengenezwi tena inaweza kugeuka pambo la sebuleni. Kujaribu mashine dukani hufanywa kwa santuri isiyo na thamani.

Upana wa ncha nao ni muhimu. Mfereji wa santuri ya mizunguko 78 ni mpana na huhitaji ncha ya mikromita 65 hadi 75 hivi; santuri za 45 na 33⅓ huhitaji ncha ya mikromita 18 hadi 25. Mashine nyingine za zamani zina sindano mbili zinazogeuzwa kwa kitufe. Kuchezesha santuri ya Mbaraka Mwinshehe kwa sindano ya 78 ni kuiharibu.

### Kasi

Kasi ikipungua, wimbo hurefuka na sauti hushuka. Ikizidi, mwimbaji husikika kama mtoto. Kasi hupimwa bila kifaa chochote maalumu. Kipande cha karatasi huwekwa ukingoni mwa bamba, na mizunguko huhesabiwa kwa kufuata saa. Kwa 45, bamba lizunguke mara 45 kwa dakika moja. Kwa 33⅓, lizunguke mara 100 kwa dakika tatu. Mzunguko mmoja zaidi au pungufu katika hiyo mia ni tofauti ya asilimia moja.

Kasi inayopandashuka mara nyingi hutokana na mkanda uliolegea au mpira wa gurudumu uliokauka. Tatizo hili hurekebishwa kwa kubadilisha mpira, na fundi redio anaweza kulifanya. Mota inayounguruma au mhimili uliopinda ni kasoro nzito zaidi.

### Umeme

Umeme wa gridi ya Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine zilizotoka Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na hezi 60, na za soko la Japani kwa volti 100. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi hezi. Katika mashine ambayo mota yake hufuata hezi za umeme, mota ya hezi 60 ikiunganishwa na umeme wa hezi 50 huzunguka kwa sehemu tano tu kati ya sita za kasi yake. Santuri ya 45 itazunguka mara 37.5. Wimbo wa dakika tatu utachukua dakika tatu na sekunde 36, na gitaa litashuka kwa nusu-toni tatu. Msikilizaji asiyeujua wimbo anaweza kudhani ndivyo ulivyopigwa.

Baadhi ya mashine zina puli yenye vipimo viwili, kimoja cha hezi 50 na kingine cha 60, au puli inayoweza kubadilishwa. Mashine zinazodhibiti kasi kwa saketi yake zenyewe, kama Technics SL-1200 iliyoanza kuuzwa mwaka 1972, hazitegemei hezi za umeme wa ukutani. Maandishi ya volti na hezi huwa nyuma au chini ya mashine, na yanafaa kusomwa kabla ya kuuliza bei.

### Mkono na matokeo ya sauti

Mkono unapaswa kwenda kushoto na kulia kwa wepesi, bila kukwama na bila kuchezacheza kwenye egemeo lake. Uzito wa nyuma ya mkono usiwe umepotea, kwa kuwa bila huo mgandamizo wa sindano hauwezi kupangwa. Sarafu iliyobandikwa juu ya katriji ni ishara ya kujihadhari: mwenye mashine aliiongeza ili sindano isiruke, na santuri zake zimelipia.

Katriji za kizamani za mono, ambazo sindano yake haichezi juu na chini, hazifai kwa santuri za stereo. Kinyume chake hakina madhara: katriji ya stereo hucheza santuri ya mono vizuri. Amplifaya yenye kitufe cha mono huunganisha njia mbili na kupunguza mikwaruzo.

## Sauti ya mzunguko

Sauti ya mzunguko ni mpango wa kutoa sauti kwa spika zilizopangwa mbele na nyuma ya msikilizaji. Katika miaka ya 1970 kampuni kadhaa zilijaribu santuri za njia nne, lakini mifumo yao haikupatana na soko lilikufa. Wazo lilirudi kwa diski zinazosomwa kwa mwanga wa leza: SACD ya Sony na Philips mwaka 1999, na DVD-Audio mwaka 2000. Si kila kicheza DVD kinachosoma diski hizo. Jina la mfumo husika sharti liandikwe kwenye kifaa au katika kitabu chake cha maelezo. Kicheza diski kilichotumika hujaribiwa kwa kucheza diski nzima, kwani leza iliyochoka au mota mbovu inaweza kushindwa ikifika katikati.

Muziki wa zamani wa Morogoro haupati faida kutoka kwa mfumo huu. Nyingi za nyimbo hizo zilirekodiwa kwa njia moja, na amplifaya ya spika tano haiwezi kuongeza kisichokuwa kwenye santuri. Hurudia sauti ileile nyuma au huichelewesha, na mwimbaji hupoteza mahali pake. Kwa hiyo amplifaya ya sauti ya mzunguko huwekwa kwenye stereo au mono inapocheza santuri hizi. Fedha ya spika za ziada hufaa zaidi ikinunua sindano.

## Utunzaji

Miteremko ya mashariki ya Uluguru hupata mvua nyingi, na unyevu huleta ukungu kwenye santuri na majalada yake. Mjini na tambarare, hatari kubwa ni joto na vumbi. Santuri ya plastiki hupinda ikiachwa juani au ndani ya gari lililofungwa. Huhifadhiwa ikiwa imesimama wima, mahali pakavu, mbali na dirisha. Husafishwa kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na kitambaa laini, kwa kufuata mzunguko wa mfereji. Spiriti haitumiki kamwe kwa santuri za shelaki, kwa sababu huziyeyusha.

Kwenye nyumba zinazotumia umeme wa jua, inveta duni inaweza kuleta mngurumo au kasi isiyo sahihi, hivyo kasi hupimwa upya mashine inapohamishiwa huko.

## Kunakili kwenye kompyuta

Karibu na mwaka 2000, kampuni ya Dizim Records ya Ujerumani ilitoa diski za nyimbo za Salum Abdallah na Cuban Marimba, na za Mbaraka Mwinshehe. Zilizo nje ya mikusanyo ya namna hiyo bado zimo katika santuri za watu binafsi na katika tepu za redio.

Kwa santuri adimu, wahifadhi hupendelea kuicheza mara moja kwa mashine nzuri na kunakili sauti yake kwenye kompyuta, kisha nakala ndiyo isikilizwe. Kabla ya kunakili, santuri husafishwa, sindano hukaguliwa na kasi huhesabiwa. Pande zote mbili hunakiliwa, pamoja na picha ya lebo yenye jina la bendi, mtunzi na namba ya santuri. Nakala iliyofanywa kwa kasi isiyo sahihi inaweza kurekebishwa baadaye kwa programu, lakini mfereji uliokatwa na sindano mbovu hauwezi.