Ordinatere ya 1992, programu ya 2021: namna ya kujaribu toleo jipya bila kuharibu mashini

Kila mwenye simu anajua ule ujumbe unaosema toleo jipya la programu liko tayari. Wengine wanabonyeza mara moja, wengine wanaogopa simu isizimike katikati ya kazi. Huko Ulaya na Marekani, kuko watu wenye kujiuliza swali hilohilo juu ya mashini zenye kupita miaka 30: Amiga, ordinatere za nyumbani za kampuni Commodore.

Amiga ni mashini gani?

Amiga 1200 ilitoka mwaka wa 1992. Klavye na ordinatere ni kitu kimoja, na inaweza kuunganishwa kwa televisheni. Iko na memori ya MB 2 tu. Picha moja ya simu ya leo inaweza kupita pale. Disketi yake inabeba KB 880.

Commodore ilifilisika mwezi wa nne 1994, lakini wenye mashini hawakuzitupa. Mwaka wa 2015, huko Grand Rapids, Marekani, ilijulikana kwamba Amiga moja iliyowekwa miaka ya 1980 ilikuwa bado inaongoza mitambo ya joto na baridi ya shule 19. Kisha kampuni Hyperion Entertainment ya Ubelgiji ikatoa AmigaOS 3.1.4 mwaka wa 2018, na AmigaOS 3.2 mwezi wa tano 2021.

Toleo jipya linaleta nini?

Toleo la zamani, 3.1, lilikuwa linashindwa na diski yenye kupita GB 4. Hiyo ni shida kubwa, juu disketi na diski za wakati ule zinaoza, na watu wengi sasa wanatumia kadi za memori za kamera. Lile la 2018 liliondoa kizuizi hicho. La 2021 linaweza pia kufungua nakala ya disketi iliyowekwa ndani ya faili, sawa vile disketi yenyewe ingekuwa imeingizwa.

Hatari iko wapi?

Programu ya Amiga imegawanyika mara mbili. Sehemu moja inakaa ndani ya chipu mbili zilizochomekwa ndani ya mashini, ingine inakaa kwenye diski. Ukibadilisha toleo, kwa kawaida unabadilisha zote mbili.

Chipu moja iko na miguu 40, lakini kikalio chake kiko na mashimo 42. Mashimo mawili ya mwisho wa upande mmoja lazima yabaki wazi. Ukikosea, mashini haiwaki, na chipu inaweza kuungua. Tena, kondensateri za Amiga 1200 zinajulikana kwa kuvuja, na maji yake yanakula njia za shaba. Mashini iliyokuwa mgonjwa tangu mbele itaonekana kama vile toleo jipya ndilo limeiua.

Wazoefu wanafanya nini?

Kwanza, wanapima mashini na programu yake ya zamani. Kama inasumbua, wanaitengeneza mbele ya kubadilisha kitu.

Pili, wanafanya nakala nzima ya kadi. Jaribio linafanyika kwa nakala, kadi ya mwanzo inawekwa pembeni.

Tatu, wanajaribu ndani ya ordinatere ya kisasa, kwa programu inayoiga Amiga. Ya kwanza kujulikana, UAE, ilianza mwaka wa 1995. Pale ukikosea, unafunga dirisha na kuanza tena.

Nne, wanachomoa waya wa umeme, wanapiga picha ya chipu za zamani, kisha wanazitoa pole pole, upande huu kidogo, upande ule kidogo, miguu isipinde.

Tano, wanaangalia rangi wakati wa kuwasha. Nyekundu inaonyesha shida ya chipu za programu. Kijani, shida ya memori.

Mwisho, wanajaribu kila programu na kila mchezo. Michezo mingine ilitengenezwa kwa kufuata matoleo ya zamani, na inaweza kukataa. Kama hasara inapita faida, wanarudisha chipu za zamani na kadi ya mwanzo. Mashini inakuwa sawa na jana.

Na simu yako je?

Tofauti kubwa iko hapa. Kwa Amiga, toleo la zamani linabaki mkononi. Kwa simu na ordinatere nyingi za leo, toleo jipya linaandikwa juu ya lile la zamani, na kurudi nyuma ni vigumu. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kifaa kinaweza kukataa kuwaka kabisa. Kwa hiyo mbele ya kubonyeza: jaza batri, weka nakala ya picha na namba za watu mahali pengine, na hakikisha nafasi inatosha. Kama kazi yako ya kesho asubuhi inategemea ile simu, ngojea siku yenye nafasi.