Kitabu Kilichotembezwa kwa Gitaa

Nimemaliza kusoma Just Kids, kumbukumbu za mwanamuziki wa Marekani, Patti Smith. Aliingia New York mwaka 1967 hana kitu, akakutana na Robert Mapplethorpe, wakawa wakigawana mkate na ndoto mpaka wakafika hoteli ya Chelsea, maskani ya washairi na wachoraji. Watu wazima wangewaita watoto walioshindikana.

Mapplethorpe, aliyekuja kuwa mpiga picha mashuhuri, alifariki kwa UKIMWI mwaka 1989. Patti alikuwa amemuahidi kuwa ataandika kisa chao. Kitabu kilitoka 2010, zaidi ya miaka 20 baadaye.

Na alivyokitembeza! Husoma kurasa chache, kisha hushika gitaa akaimba. Alianza zamani: mwaka 1971, katika kanisa la St. Mark's, alisoma mashairi huku Lenny Kaye akimpigia gitaa. Sisi wa Mwambao, ambao utenzi twausoma kwa mahadhi, twamwelewa. Ila tukizindua vitabu, twaleta hotuba za mgeni wa heshima tu.

Kabla hujakisoma, tazama jalada la santuri yake Horses, ya 1975. Picha ile alipiga Mapplethorpe, na siku hiyo imo kitabuni.