Elihu, Kijana Aliyengoja Zamu Yake

Katika Kitabu cha Ayubu mna habari za kijana mmoja, Elihu mwana wa Barakeli. Elifazi, Bildadi na Sofari walikuwa wakishindana na Ayubu kwa maneno, wakidai kuwa taabu zake ni malipo ya dhambi, naye akikana. Elihu alighadhibika, lakini hakuwakatiza, kwa kuwa walimpita umri. Alizisikiliza hoja zao hata walipoishiwa na maneno.

Ndipo akanena, katika sura ya 32. Kwanza alikiri udogo wake. Kisha akaeleza kwamba ufahamu hutoka kwa Mungu, wala si kwa wingi wa miaka peke yake. Alimlaumu Ayubu kwa kujihesabia haki kuliko Mungu, na wale wazee kwa kumhukumu bila ya kuwa na jibu. Maneno yake yaendelea mpaka sura ya 37.

Basi angalieni: kama angalinena mapema, wangalimwona mtovu wa adabu; kama angalinyamaza kabisa, hukumu ile ingalibaki bila ya kupingwa. Na katika sura ya 42 Mungu awakemea wazee wale watatu. Elihu hatajwi kati yao.