Mgeni Afikapo Isiolo

Mtu atokaye Kisumu au Nyeri kwenda kufanya kazi Isiolo, awe mwalimu, karani au mfanyabiashara, mara nyingi huona kama ametoka nchi yake akaingia nchi nyingine. Hilo si jambo la ajabu. Kabla ya Kenya kupata uhuru mwaka 1963, Isiolo ilikuwa mlango wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na mtu wa kusini hakuweza kupita kizuizi cha barabara pasipo kibali cha serikali. Hata wenyeji wa kaskazini waliposafiri kwenda Nairobi walisema kwamba wanakwenda Kenya. Siku hizi kibali hicho hakitakiwi tena, na barabara ya lami inafika mpaka Moyale; lakini mgeni bado ana mengi ya kujifunza.

Kwanza ni joto. Gari litokalo Nanyuki hupita Timau, penye baridi na mashamba ya ngano, kisha huteremka mpaka Isiolo, mji ulio mita 1,100 hivi juu ya bahari. Mwili haupati nafasi ya kuzoea. Afadhali mgeni anywe maji kabla ya kuona kiu, na kazi za jua azifanye asubuhi mapema au jioni. Tena, atafutapo chumba, asianze kuuliza kodi. Aulize kwanza maji hupatikana wapi na siku zipi, kisha anunue madumu ya kutosha. Chumba cha bei rahisi kisicho na maji karibu huwa ghali kabla mwezi haujaisha.

Katika mji huu wanakaa Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, na wote hukutana sokoni kwa Kiswahili. Kwa hiyo mgeni ajuaye Kiswahili hatapotea. Hata hivyo atapendwa zaidi akijifunza salamu chache za wenyeji. Mborana huuliza habari za amani kwa neno "nagaa", na Msomali husema "nabad", ambalo maana yake pia ni amani. Salamu ndefu si kupoteza wakati. Mtu aingiaye dukani akataja haja yake kabla ya kusalimu huonekana hana adabu, ajapokuwa na fedha nyingi mkononi.

Liko na swali moja ambalo wageni huliuliza kwa nia njema, wakashangaa kuona mwenyeji amenyamaza: "Mzee, una ngamia wangapi?" Kwa mfugaji, swali hilo ni kama kumwuliza mtu ana fedha ngapi benki. Yafaa kuuliza kama mvua imenyesha na kama mifugo ni mizima, basi. Kadhalika, mgeni asimpige mtu picha bila ruhusa yake.

Sasa ni habari ya maziwa, nayo inahitaji maelezo zaidi. Maziwa ya ngamia ni chakula kikubwa cha nchi hii, na wanawake wa Isiolo huyakusanya na kuyapeleka kwa basi mpaka Eastleigh, Nairobi. Mgeni akiyaonja huenda akadhani yameungua. La, ile ni harufu ya moshi, kwa maana vyombo hufukizwa kwa kuni maalum ili maziwa yasiharibike upesi. Mtu asiyeyazoea aanze kwa kikombe kidogo, kwa kuwa akinywa mengi mara moja tumbo huweza kumwendesha.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi ni kuyanywa mabichi. Maziwa mabichi, yawe ya ngamia, ya ng'ombe au ya mbuzi, yaweza kuleta ugonjwa uitwao brusela. Kuyachemsha huua viini vya ugonjwa huo. Kukataa kikombe cha mwenyeji ni jambo zito, na haimpasi mgeni kumhubiria mtu nyumbani kwake. Aombe tu kwa upole maziwa hayo yapikwe pamoja na chai. Hakuna atakayeona vibaya, maana chai ya maziwa hupendwa katika kila nyumba ya Isiolo.

Dalili za brusela ni homa ijayo na kuondoka, jasho jingi usiku, uchovu, na maumivu ya viungo na mgongo. Watu wengi hudhani ni malaria, wakanunua dawa dukani, wakazidi kudhoofika. Mtu aonaye dalili hizo aende hospitali apimwe damu, na amwambie daktari waziwazi kwamba alikunywa maziwa mabichi, hata ikiwa miezi miwili imekwisha kupita. Akionekana anao ugonjwa huo, kwa kawaida atapewa dawa za majuma sita, naye hana budi kuzimeza zote, ajapojiona amepona katika juma la pili.